Puleki za Sylvester hazikuwa kinyago

Mama yangu alikuwa fundi wa magauni ya harusi, na kazi ya kushona puleki ilikuwa yangu. Sindano inatoka chini ya kitambaa, inapenya katikati ya puleki, inaingia kwenye ushanga mmoja mdogo, kisha inarudi chini palepale ilipotokea, ushanga unabaki juu umeishikilia. Moja hiyo. Unashika nyingine. Kifua cha gauni moja kilikula usiku mzima, na asubuhi ncha za vidole zinawaka moto. Tangu hapo nikiona mtu kavaa puleki kutoka begani hadi kwenye pindo, kitu cha kwanza ninachokiona ni saa za kazi zilizolala pale.

Ndiyo sababu sikuweza kucheka nilipoiona video ya Sylvester, mwimbaji wa disko wa Marekani, ya mwaka 1978, ya wimbo "You Make Me Feel (Mighty Real)". Anabadilisha mavazi mara kadhaa, pepeo mkononi, sauti nyembamba inapaa. Nilionao sebuleni walicheka sana. Wakasema ni mwanamume aliyejigeuza mwanamke ili watu wafurahi. Nilinyamaza siku ile, na ndiyo maana naandika leo: vazi lile halikuwa kinyago. Kinyago unakivaa ili usijulikane. Yule alivaa ili ajulikane.

Jina lake kamili ni Sylvester James, mzaliwa wa Los Angeles, 1947. Sauti aliipata kanisani, kwa Wapentekoste, akiimba injili tangu mtoto. Kanisa likaipenda sauti, mwenyewe likamkataa lilipojua anapenda wanaume, akaondoka angali mvulana. Aliyempokea kwa mikono miwili ni bibi yake, Julia Morgan, ambaye enzi zake za ujana alikuwa mwimbaji wa blues. Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuelewa yale magauni. Kijana huyu aliwapenda waimbaji Weusi wa zamani, kina Billie Holiday na Josephine Baker, akakusanya nguo za zama zao, akazivaa na kuziimba nyimbo zao. Alikuwa akiwavaa wazee wake.

Mwaka 1970 akahamia San Francisco na kujiunga na kundi la maonyesho ya jukwaani la Cockettes: wanaume wenye ndevu zilizonyunyiziwa vimetameta, magauni ya mitumba, manyoya, wanja hadi kwenye nyusi. Wengi wao walikuwa wakicheza tu, na uzuri wao ulikuwa kwenye huo mchezo. Sylvester aliingia jukwaani na kuimba kwelikweli. Novemba 1971 kundi lilipokwenda New York, maonyesho yao yalianguka vibaya, lakini yeye akasifiwa. Hakukaa nao sana baada ya hapo.

(Anayejua nguo kuukuu ataelewa jambo moja. Puleki nyingi za miaka ya 1930 zilitengenezwa kwa gelatini, na zikilowa zinayeyuka. Gauni la namna hiyo halifuliki. Kulivaa chini ya taa kali, jasho likikutoka, ni mapenzi ya hatari.)

Kisha disko ikaja, na mavazi yakabadilika kwa sababu ukumbi ulibadilika. Ukumbi ni giza, mwanga unatoka kwenye tufe la vioo linalozunguka, vipande vya mwanga vinapita juu ya watu. Kitambaa kisichorudisha mwanga kinamezwa. Kitambaa kigumu kinakataa kucheza. Ndipo Stephen Burrows, mbunifu Mweusi wa New York, alipong'ara kwa vitambaa vyake vya jezi, laini na vya kuvutika: pindo linavutwa huku cherehani inapiga zigizaga, ukiliachia linajikunja mawimbi kama jani la saladi. Nimejaribu kwenye cherehani ya mama. Ukivuta kidogo mno halijikunji, ukizidisha linakatika. Mtu akigeuka, mawimbi yanageuka naye. Hata huku kwetu upepo ule ulifika, watu wakavaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni.

Lakini ukiwauliza watu leo disko ilikuwa nini, watakutajia Studio 54, klabu ya New York iliyofunguliwa Aprili 1977, na mabepari waliopiga picha mlangoni. Hilo linaniudhi. Mlango ule ulikuja wakati kazi imeshafanywa na Weusi, Walatino na mashoga, katika kumbi ambazo hakuna mpiga picha aliyezijali. Wimbo wa Sylvester wenyewe ulianza ukiwa na mwendo wa taratibu wa kikanisa, mpaka mwanamuziki Patrick Cowley alipouongezea sintesaiza, kinanda cha umeme. Nyuma ya Sylvester walisimama Martha Wash na Izora Rhodes, wanawake wanene wenye sauti za kwaya, wamevaa wakapendeza. Sikiliza wimbo huo tena ukiwa umefumba macho. Ni ibada ile ile aliyofukuzwa.

Tarehe 11 Machi 1979 aliimba katika jumba la opera la San Francisco, na jiji likamkabidhi ufunguo wake. Miezi minne baadaye, Julai 12, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago ulijaa watu waliokuja kuona sanduku la sahani za santuri za disko likilipuliwa, kiingilio senti 98 na sahani mkononi. Wengine husema ilikuwa kuuchoka muziki tu. Mimi naona walijua vizuri ni muziki wa nani.

Kiswahili hakimsumbui mtu kama huyu. Unasema "alikuja, akaimba," na lugha haikuulizi ni mwanamume au mwanamke. Waandishi wa kwao walimuuliza miaka yote. Mwaka 1986 mtangazaji Joan Rivers alipomwita malkia wa dragi, yaani mwanamume anayevaa kike kwa maonyesho, kwenye televisheni, alimkatalia papo hapo: yeye ni Sylvester.

Ukimwi ulimuua Desemba 16, 1988, akiwa na miaka 41. Mazishi yake aliyapanga mwenyewe: jeneza liwe wazi, watu wamwone, naye avae kimono nyekundu. Mchungaji Yvette Flunder, rafiki yake, ndiye aliyempaka vipodozi.