Nyumba ya Ufukweni: Unanunua Mandhari au Unanunua Mji?

Hoja ya dalali wa nyumba za kifahari za ufukweni ni fupi na ina nguvu: pwani haiongezeki. Wenye fedha wanazidi, ukanda wa bahari ni ule ule, kwa hiyo bei haina pa kwenda ila juu. Siku hizi ameongeza na ya pili: mji wenye migahawa ya hadhi, ambako mpishi hubadilisha vyakula kufuata msimu, huipandisha thamani hata nyumba ya kawaida. Hoja zote mbili zina ukweli. Kasoro yake ni kwamba kila moja inaacha nje nusu ya hesabu, na nusu hiyo ndiyo humliza mnunuzi miaka michache baadaye.

Uhaba upo, tena sheria zinauongeza. Nchini Ufaransa sheria ya pwani ya Januari 1986 inazuia ujenzi mpya ndani ya mita 100 kutoka ukingo wa maji, nje ya maeneo yaliyokwisha kujengwa. California ina tume ya pwani iliyopewa meno na sheria ya 1976. Mwenye nyumba ndani ya ukanda kama huo ana kitu ambacho jirani hawezi kukijenga tena, na soko humlipa kwa hilo. Lakini sheria za namna hiyo zaweza kumgeukia. Sheria ya Hispania ya 1988 iliutangaza ufukwe kuwa mali ya umma, na waliokuwa na hati za nyumba zilizoangukia ndani ya mpaka mpya wakabaki na kibali cha muda. Marekebisho ya 2013 yaliruhusu vibali hivyo vifike hadi miaka 75. Mandhari hayakubadilika hata kidogo, ila kinachouzwa sasa ni miaka iliyobaki.

Isitoshe, ukanda wenyewe unatembea. Jengo la Le Signal huko Soulac-sur-Mer, kusini magharibi mwa Ufaransa, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 likiwa takriban mita 200 kutoka baharini. Mwaka 2014 wakazi waliamriwa kuhama, na 2023 likabomolewa. Lilikuwa na fleti 78. Wenye fleti walihangaika miaka mingi kudai fidia, kwa sababu mfuko wa majanga uliwekwa kwa ajili ya hatari za ghafla, na mmomonyoko wa mchanga huja polepole. Anayesoma ramani ya kiwanja cha ufukweni asiishie kwenye umbali wa leo. Aombe picha za angani za miongo mitatu au minne, apime ukingo umerudi nyuma mita ngapi, agawe kwa miaka, kisha alinganishe na muda wa mkopo wake. Ukingo unaorudi mita moja kwa mwaka, nyumba ikiwa mita 25 kutoka hapo, na mkopo wa miaka 30, ni hesabu ambayo benki makini itaifanya hata mnunuzi akiikwepa.

Hapo muuzaji hujibu kwamba ukuta wa bahari upo. Ukuta hulinda ardhi iliyo nyuma yake, haulindi ufukwe ulio mbele. Wimbi linalogonga ukuta wima hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga chini ya msingi. Ufukwe hupungua mwaka hadi mwaka, na kwenye ncha za ukuta maji huzunguka na kula kiwanja cha jirani. Matokeo yake ni nyumba iliyo salama isiyo na ufukwe, nayo iliuzwa kwa bei ya ufukwe.

Sehemu ambayo wanunuzi huipita haraka kuliko zote ni chumvi ndani ya zege. Chembe za chumvi hupenya taratibu hadi kwenye nondo, zinavunja utando unaoikinga, na kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani: kwanza ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kisha doa la kahawia, mwisho vipande kudondoka, mara nyingi chini ya baraza na roshani. Mkaguzi anayejua kazi yake hugonga dari ya roshani kwa nyundo ndogo. Panapolia kama kitu kitupu ndani, zege limeachana na chuma. Baada ya hapo huchukua sampuli kwa keekee na kupima kiasi cha chumvi katika kina kilekile cha nondo, si juu juu.

Ukarabati wake nao huharibiwa kwa njia moja inayojulikana. Fundi huchonga palipovimba, hupaka lipu mpya, rangi, na nyumba inapigwa picha za matangazo. Ndani ya miaka michache kutu inatokea tena pembeni mwa kiraka. Sababu ni ya umeme wa kikemia: nondo iliyo ndani ya kiraka kipya sasa imelindwa, na ile iliyo jirani, bado ndani ya zege lenye chumvi, inageuka kuwa sehemu inayoliwa. Kazi sahihi ni kuchonga hadi nyuma ya nondo, kuisafisha pande zote, kuendelea hadi kwenye chuma kisicho na kutu, na mara nyingi kufunga vipande vya zinki viliwe badala yake. Ni ghali. Basi rangi mpya chini ya roshani za jengo kuukuu la ufukweni ina haki ya kutiliwa shaka. Vitu vidogo hufuata kanuni hiyo hiyo: chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, chenye molibdeni, hustahimili hewa ya bahari kuliko cha 304, na skrubu ya chuma kwenye fremu ya alumini bila kitenganishi cha plastiki huila alumini kuzunguka tundu lake.

Kwamba mambo haya yana bei sokoni, Florida imeonyesha. Jengo la Champlain Towers South, mjini Surfside, lililojengwa 1981, liliporomoka Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya ukaguzi wa lazima kwa majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi yanapofikia miaka 30, na kuwazuia wamiliki kuendelea kuahirisha michango ya akiba ya matengenezo makubwa. Fleti za majengo ya zamani zikaanza kuuzwa kwa shida, kwa kuwa mnunuzi sasa anaona deni lililokuwa limefichwa. Wapo wanaosema sheria imewaumiza wastaafu wenye kipato kidogo, na ni kweli imewaumiza. Lakini deni lilikuwepo kabla ya sheria. Kilichobadilika ni nani analiona.

Bima ndiyo mahali hoja ya dalali inapodhoofika zaidi. Katika pwani za vimbunga, hasara ambayo mwenye nyumba hubeba kabla bima haijalipa hupigwa kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima, aghalabu kati ya 2 na 10. Nyumba ya milioni mbili yenye kiwango cha asilimia 5 inamtaka mwenyewe atoe laki moja ya kwanza. Mafuriko huwa na bima yake peke yake: mpango wa taifa wa Marekani ulioanza 1968 hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi, na kwa kawaida hauanzi kufanya kazi hadi siku 30 zipite. Kwa nyumba ya kifahari hilo ni fungu dogo tu. Linalobaki lazima likatiwe bima ya ziada, na hiyo bei yake hupangwa upya kila mwaka.

Chukua hesabu ya mfano, kwa fedha yoyote. Nyumba imenunuliwa kwa 1,000,000. Inapangishwa wiki 10 za kilele kwa 6,000 kila wiki, na wiki 8 za katikati kwa 3,000. Hiyo ni 84,000, yaani asilimia 8.4, na ndiyo namba inayoandikwa kwenye kipeperushi. Toa asilimia 25 ya msimamizi na kampuni ya upangishaji: 21,000. Matengenezo ya asilimia 2, ambayo karibu na chumvi si anasa: 20,000. Bima 10,000, kodi na michango 8,000, bwawa, bustani na umeme 9,000. Zinabaki 16,000, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya riba. Mwenye nyumba akijitwalia wiki mbili za kilele kwa likizo yake, anapoteza 9,000 halisi, yaani zaidi ya nusu ya faida yote.

Hesabu hii haisemi usinunue. Anayeitumia nyumba miezi minne kwa mwaka, aliyelipa taslimu na asiye na haraka ya kuuza, anapata raha ambayo haimo kwenye jedwali, na uhaba unamfanyia kazi polepole. Hesabu inamkatalia yule aliyeambiwa nyumba itajilipa yenyewe.

Sasa hoja ya pili ya dalali, ile ya migahawa. Mgahawa wa msimu wa hadhi ya juu huhitaji vitu viwili vikutane: wageni wenye fedha na bidhaa katika ubora wake. Mara nyingi havikutani. Kwenye pwani ya Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, nyumba za likizo hujaa Julai na Agosti. Uvuvi wa kombe aina ya Saint-Jacques nchini Ufaransa huruhusiwa Oktoba 1 hadi Mei 15, kwa hiyo kombe linaloletwa mezani Agosti limetoka kwenye barafu au nchi nyingine. Chaza bapa wa asili wa Ulaya huzaa wakati wa kiangazi. Jike hubeba viluwiluwi ndani ya gamba, nyama inakuwa na chengachenga, na baada ya kuzaa inanywea. Wafugaji walipata njia ya kutokea kwa chaza wa Pasifiki wenye seti tatu za kromosomu, ambao hawatumii nguvu zao katika uzazi na hubaki na nyama nene mwaka mzima. Ni chakula kizuri, ila mpishi anayewauza Agosti kama zawadi ya msimu anauza mafanikio ya maabara.

Florida kusini mambo yamepangana vizuri zaidi. Wageni wakuu ni wanaokimbia baridi ya kaskazini, na kaa wa mawe huvuliwa Oktoba 15 hadi Mei 1, tena gando peke yake ndilo huchukuliwa na kaa kurudishwa majini. Kambakoche ni Agosti 6 hadi Machi 31. Bahari na nyumba zina kalenda moja. Mgahawa hapo unaweza kuishi kwa bidhaa ya jirani katika wiki zile zile unazohitaji wateja. Huu ni ubora wa mji ambao hauonekani kwenye picha za ndege isiyo na rubani, nao unadumu kuliko jina la mpishi.

Maana jina la mpishi huondoka. Mgahawa wa kawaida hutumia karibu theluthi ya mapato kwa vyakula na theluthi nyingine kwa mishahara. Kinachobaki kinatakiwa kilipe pango la miezi 12 kwa mauzo ya miezi minne. Kufungwa nusu mwaka si dosari moja kwa moja: elBulli, karibu na Roses huko Hispania, ilikuwa ikifungua takriban nusu mwaka tu, na miezi mingine mpishi wake mkuu Ferran Adrià na wenzake waliitumia kubuni vyakula, hadi ilipofunga 2011. Lakini elBulli ilikuwa na mapato ya vitabu na ushauri nyuma yake. Mgahawa usio na tegemeo hilo hufunga Oktoba kwa sababu hakuna wa kumhudumia, huwaachia wapishi wake waende, na mwakani huanza na jiko la wafanyakazi wapya watupu. Chakula hushuka, bei haishuki.

Nyumba zenyewe zina mkono wao katika hilo. Kila inayogeuzwa kuwa ya kupangisha kwa wiki inapunguza vyumba vya wafanyakazi. Mpishi msaidizi anayelala mwendo wa saa moja kutoka jikoni hatadumu msimu mzima, na mgahawa hupunguza siku za kufungua huku wateja wakisubiri nje. Wenyeji wa St Ives, Cornwall, nchini Uingereza, walipiga kura mwaka 2016 kwamba nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu peke yao. Utetezi wao unaeleweka. Matokeo yalikuwa na pande mbili: wajenzi walipoteza hamu, na wanunuzi wa nyumba za pili wakahamia kwenye nyumba za zamani, zile zile ambazo wenyeji walizitaka. Wales ilichagua njia ya kodi, na tangu Aprili 2023 halmashauri zinaweza kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya nyumba ya pili. Kodi angalau haiwagusi wajenzi wa nyumba za wakazi, na ikielekezwa kwenye makazi ya wafanyakazi inarudisha kitu jikoni. Ikiingizwa kwenye mfuko wa jumla, imeongeza gharama ya mnunuzi bila kumpa mji mpishi hata mmoja.

Kwa anayekusudia kununua, kazi ya maana hufanyika nje ya kilele. Afike wiki ambayo pango ni la chini kabisa na ahesabu madirisha yenye taa saa mbili usiku. Aulize migahawa mitatu tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, na wafanyakazi wanalala wapi. Aende sokoni asubuhi aone samaki wa boti ndogo wananunuliwa na nani. Kabla ya kulipa amana apate kwa maandishi bei ya bima ya upepo na ya mafuriko, kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka mitano kama ni fleti, na aweke kwenye mkataba sharti la kujitoa endapo sampuli za zege zitaonyesha chumvi imefika kwenye nondo. Muuzaji akikataa sharti hilo moja, bei yake ishushwe kwa gharama kamili ya kuchonga hadi kwenye chuma safi, si kwa gharama ya rangi.