Mlembe na Kiberiti

Wahenga walisema mfuata nyuki hakosi asali. Kuhusu anayefuata ndege hawakusema kitu. Nadhani midomo yao ilikuwa imevimba.

Nilikwenda kwa mjomba nikiwa nimejaa elimu. Nilikuwa nimesoma habari za mlembe, yule ndege wa gramu kama 50 anayeongoza watu mpaka kwenye nyuki. Yeye anajua nyuki walipo, ila hawezi kupasua mti. Mtu ana shoka na moshi, ila hajui aanzie wapi. Mtu anachukua asali, ndege anabaki na nta, kitu ambacho ni wanyama wachache mno wanaoweza kukisaga tumboni. Nilimsimulia mjomba hata habari za João dos Santos, mmisionari Mreno wa Sofala, Msumbiji, ambaye mwaka 1588 alimwona ndege akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Mjomba alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza:

"Na kurina umewahi, mjomba?"

Nikamwambia nadharia ninayo.

Asubuhi akaniambia nitangulie porini, nimsubiri, nisifuate kitu mpaka afike. Nikaona huo ndio wakati wa kumwonyesha. Nilikuwa na mwito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji: "brrr-hm!" Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kule mwito huo unapandisha uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi 66. Nikaita brrr-hm mpaka midomo ikafa ganzi. Aliyeitika ni mbwa wa mjomba, naye alinitazama kidogo akarudi nyumbani. Kumbe mlembe husikiliza zaidi mwito wa watu wa eneo lake. Wahadza wa Tanzania, kwa mfano, humpigia miluzi. Mimi nilikuwa nabisha hodi kwa lugha ya kijiji kingine.

Mlembe alikuja kwa hiari yake. Sauti yake ni ile ile wanayoisema wote waliomsikia: kama mtu anatikisa kiberiti. Cha-cha-cha-cha! Anaruka, anakuonyesha weupe wa pembeni mwa mkia, anatua mti wa mbele, anakungoja. Nikamfuata. Miiba ikachukua shati, tope likachukua ndala moja. Kila nikisimama kuvuta pumzi, cha-cha-cha-cha, kama bosi anayekata mshahara.

Mara akanyamaza. Nikainua macho: tundu kwenye shina, nyuki wanaingia na kutoka kama abiria wa stendi. Nikapapasa mfukoni nitafute kiberiti.

Sina. Ndege wa watu alikuwa ananikumbusha njia nzima!

Mtu mwenye akili angemsubiri mjomba. Mimi nikachukua kijiti, nichungulie tu. Nilichungulia, nao wakachungulia. Wa kwanza alinipata kwenye kope, wa pili ndani ya sikio, na kuanzia hapo sikuhesabu tena. Nilikimbia huku navua shati, kosa kubwa, maana waliokuwa nje wakapata nafasi. Nilipogeuka mara moja nikamwona mlembe bado yuko tawini, ametulia na gramu zake 50, anaangalia kilo 80 zikivuliwa heshima.

Mjomba alinikuta kichakani. Hakusema neno. Akawasha moto, akafukiza, akapasua, akatoa masega kana kwamba anatoa vyombo kabatini. Mabaki ya sega akayaweka juu ya majani, na mlembe akashuka kunyofoa nta bila hata kunitupia jicho. Nilipolalamika kwamba huyu ndiye aliyeniponza, mjomba akasema, "Mwache ale. Yeye kazi yake ameifanya."

Haya. Ndege ambaye mama yake hutaga kwenye viota vya wengine, na ambaye kinda lake, likiwa bado halijafumbua macho, huwaua makinda wenye nyumba kwa ndoano za mdomoni, huyo ndiye anayesifiwa uchapakazi mbele yangu. Mjomba alipata asali, mlembe akapata nta, nyuki wakanipata mimi.

Usiku nimelala, jicho moja limefunga kabisa, mjomba akataka kuwasha taa. Akachukua kiberiti, akakitikisa sikioni kuona kama njiti zimebaki.

Cha-cha-cha-cha.

Walinikuta nje, nimejifunika ndoo.