Mume wangu kaingia jikoni kwa ajili ya Sikinde

Kila nikipiga simu nyumbani lazima niulizwe, huko Hamburg mnakula nini nyie, mnasikiliza nini, poleni jamani. Shangazi yangu ndo kabisa, yeye anauliza kwa sauti ya msibani. Mi leo naomba niseme wazi, hizo pole zirudisheni, maana kwa upande wa msosi na muziki mimi na mwenzangu tuko vizuri kuliko tulivyokuwa Bongo, na wala siyo kwa sababu ya hela au eti Ulaya kila kitu kizuri, hapana, ni kwa sababu huku mume wangu yuko jikoni. Mtacheka, najua, lakini ngojeni nieleze.

Tulivyokuwa Dar mambo yalikuwa hivi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, kakulia kwa baba anayependa bendi ya Sikinde kufa. Mimi ni wa Ilala, kwetu ilikuwa bendi ya Msondo, na ukitaja Sikinde mbele ya marehemu baba unaweza ukakosa nauli ya shule. Kwa hiyo wote wawili tunapenda dansi, tena lile la zamani lenye tarumbeta na magitaa matatu yanayojibizana, lakini niambieni tulilisikiliza pamoja lini? Jumapili jioni mwenzangu anaoga, anavaa shati lake, anaondoka na rafiki zake kwenda kwenye bendi, nyama choma huko huko, anarudi usiku ananukia moshi. Mimi nimebaki uani na mawifi, tunapika, redio ndogo iko dirishani inapiga taarabu, tunacheka na kusutana kidogo, watoto wanalia. Sisemi wanawake hawaendi dansini, wanaenda sana tu na wanacheza kuliko hao wanaume, ila mke wa mtu mwenye mtoto wa kunyonya na wakwe ndani ya nyumba mnajua wenyewe ratiba yake. Yaani muziki ulikuwa wa kwake, chakula kilikuwa cha kwangu, na hata kwenye kula yeye yuko sebuleni na wageni wake sisi tuko mkekani huku nyuma. Wala tulikuwa hatujagombana, ndo maisha yalivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa tumefika huku, fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hamna uani, hamna mawifi, hamna kijiwe. Wajerumani wana saa zao za utulivu, kuanzia saa nne usiku mpaka asubuhi hutakiwi kelele, na Jumapili ndo balaa, siku nzima inatakiwa kimya, hata mashine ya kutoboa ukuta huwashi, na maduka karibu yote yamefungwa, hakuna cha kumtuma mtoto kwa Mangi akalete nyanya. Sebule yetu imepakana na chumba cha kulala cha jirani, mama mmoja mzee anayesikia vizuri mno kwa umri wake. Jiko ndo halijapakana na mtu. Basi mwenzangu akahamishia spika jikoni, juu ya friji, kwa ajili ya Sikinde yake tu, wala hakuwa na wazo la kupika. Lakini jiko lenyewe dogo, mtu mzima huwezi kusimama katikati umeshika kiuno wakati mwenzio anahangaika, utagongwa na mlango wa kabati. Nikampa kitunguu akate. Leo ndo anayepika wali wa nazi nyumbani kwangu, na wali wake unazidi wa kwangu, nimeandika na naacha hivyo hivyo.

Kwa ambao hamjui, au mmezaliwa juzi, Msondo na Sikinde ni kama Simba na Yanga za muziki wa dansi. Msondo ndo wakubwa, walianza 1964 wakiwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, kila chama kikibadili jina na bendi inabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Sikinde, yaani Mlimani Park, wakaja 1978 na wakachukua wanamuziki kutoka Msondo, hapo ndo uadui ulipoanzia. Jikoni kwetu ubishi mkubwa ni juu ya marehemu Gurumo, yule mwimbaji, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2014. Mimi nasema ni wetu kwa sababu alikuwa NUTA na mwisho akarudi Msondo, mwenzangu anasema hapana, Sikinde ilivyoanza yeye alikuwemo, na hapo katikati alipita pia OSS, bendi nyingine, ambako hakuna kati yetu anayetaka kupazungumzia. Hilo ni bishano la kitunguu. Mpaka nyanya zinaiva tumeshafika kwa mwimbaji Bitchuka, naye kazunguka huku na huku, tunaanza upya.

Kitu kimoja ambacho Bongo sikuwahi kukigundua ni kwamba nyimbo za dansi za zamani zina urefu wa kupikia kabisa. Zile zilizorekodiwa Radio Tanzania haziko kama hizi za dakika mbili na nusu. Mwanzo unakuja polepole, mwimbaji anakusimulia, mume kaondoka, ndugu wanasema, mshahara umechelewa, hapo ndo wakati wa kuchemsha mchele kwenye tui jepesi, huna haraka. Halafu linakuja lile la kuchangamka, solo linaanza kupanda, tarumbeta zinajibu, na hapo mwenzangu ndo anamimina tui zito kwenye mboga. Tui zito mnalijua, ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika, linakuwa vipande vipande na mafuta juu, mboga imeharibika. Inabidi ukoroge bila kuacha, taratibu, mpaka litokote. Basi yeye anakoroga kwa kufuata besi, mabega yanacheza, mwiko unazunguka, sebene lote mpaka mwisho, na haki ya Mungu tui lake halijawahi kukatika. Mimi Bongo nililikata mara nyingi kwa sababu nilikuwa nakoroga huku nabembeleza mtoto na kumjibu wifi.

Na hilo tui ni la nazi ya kukuna, siyo la kopo. La kopo linafaa siku za kazi ila lina utamu wa kiwandani, halina ile harufu. Mbuzi ya kukunia tulitoka nayo Tanga kwenye begi la chini, na nazi zenyewe tunabeba pia, kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya zina mambo yake ya kushangaza. Tangu Desemba 2019 huruhusiwi kuingiza tunda au mboga mbichi bila cheti cha afya ya mimea isipokuwa vitu vitano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na durian, lile tunda la kunuka. Kwa hiyo embe dodo la Muheza unaliacha uwanja wa ndege na machozi, lakini nazi inapita kama mfalme. Nyama na vitu vya maziwa ndo marufuku kabisa, hata samli ya mama mkwe aliyokuchemshia kwa mkono wake usithubutu. Samaki mkavu wanaruhusu mpaka kilo ishirini kwa mtu. Kilo ishirini za dagaa wa Kigoma jamani, nani atazimaliza! Sisi tunabeba kidogo, si kwa kuogopa sheria, ni kwa kuogopa yule mama jirani siku tukikaanga.

Vingine vyote vipo. Ukienda Steindamm, karibu na stesheni kuu, maduka ya Waturuki na Waafghani na Waafrika yamepangana, unapata bamia, giligilani, iliki, unga mweupe wa mahindi, muhogo wa kugandisha, hata kisamvu kilichotwangwa tayari maana Wakongo wanakipenda na kwao ni sakasaka. Nimewaza mara nyingi kwamba tunakula mboga ya Kikongo huku tunasikiliza magitaa yaliyojifunza kwa Wakongo na bado tunajiita Waswahili safi. Samaki tunafuata Fischmarkt Jumapili alfajiri, kiangazi wanafungua saa kumi na moja na saa tatu na nusu wanafunga, wauzaji wanapiga kelele na kurusha samaki, ukifumba macho uko soko la samaki la Feri, Dar. Ndo sehemu pekee Hamburg ambapo mtu anaruhusiwa kupayuka Jumapili, na mwenzangu anapapenda kwa hiyo tu.

Shida ipo kwenye majiko. Haya ya kioo ya umeme yametengenezwa kwa watu wanaochemsha viazi. Chuma cha vitumbua kina matako ya mviringo, hakigusi kioo, hakishiki moto. Ugali nao, ukianza kusonga sufuria inateleza kuelekea ukutani, mmoja anasonga mwingine kashika masikio ya sufuria kwa taulo, hakuna njia ya kusonga ugali wa watu wengi peke yako. Na wali, sisi tumezoea kupalia, makaa juu ya mfuniko, makaa kidogo chini, wali unakauka taratibu na ukoko unakuwa wa rangi ya dhahabu. Makaa kwenye fleti sahau, mkataba wetu wa nyumba unakataza hata balkonini. Mwenzangu akagundua oveni, maji yakikauka anafunika sufuria anaiingiza humo moto mdogo, juu na chini, basi inapalia yenyewe. Ukoko tunagawana, yeye upande wake mimi upande wangu.

Sasa msije mkasema nawapaka Wajerumani mafuta. Kuna vitu huku hamna na havitakuja. Bendi yenyewe ikiwa mbele yako, mpiga tarumbeta anajifuta jasho na leso halafu anaingia tena kwenye nota, hicho huwezi kukiweka juu ya friji. Pweza wa barabarani Tanga, unachomewa kijiti kimoja kimoja, supu kwenye kikombe na ndimu, huku mnaongea na watu msiowajua kabisa kuhusu mechi. Huku ukimuongelesha mtu usiyemjua kwenye foleni anaangalia kama umemdondoshea kitu. Na saa nne usiku ikifika tunazima hata kama Gurumo yuko katikati ya neno. Hayo nayakubali.

Lakini mwaka tuliokwenda likizo ndo niliona jambo lenyewe vizuri. Tulifika kwa wakwe, asubuhi mwenzangu akavuta mbuzi akakaa kuanza kukuna nazi, mama mkwe akamnyang'anya kwa mshangao, mwanangu umechoka, nenda kapumzike, kwani mkeo yuko wapi? Kwa upendo kabisa, wala hakuwa na ubaya. Saa ile ile shemeji akamchukua wakaenda kukaa na wanaume barazani, spika huko huko, mimi nikavuta kigoda jikoni kwa mawifi. Siku zote za likizo ikawa hivyo. Chakula kitamu, muziki mtamu, ndugu wamejaa, na mimi nimekaa pale nakoroga tui nasikia tarumbeta kwa mbali kupitia ukutani, nikamkumbuka mume wangu ambaye yuko mita kumi kutoka nilipo. Nikalikumbuka na lile jiko letu bovu la kioo. Usiku akaniambia na yeye vile vile, huko barazani walikuwa hawabishani Msondo na Sikinde, vijana walikuwa wanapiga singeli na amapiano na yeye alikosa wa kugombana naye.

Hapo kwenye singeli niseme kidogo. Kuna Waswahili wa huku wakirudi likizo wanaanza kulaumu, oh muziki umekufa, oh watoto hawajui Marijani, yule mwimbaji wa dansi, ni nani, mara wanataka kuongozwa kwenye mihogo ya kuchoma wakati wapwa zao wanataka kuwapeleka kula piza. Mi naona tuache. Sisi tuliondoka na Bongo ya mwaka wetu tukaihifadhi kwenye friza pamoja na kisamvu, wenzetu wamebaki wakaendelea kuishi. Mtoto wa Mbagala ana haki ya singeli yake kama baba yangu alivyokuwa na haki ya Msondo, na wazee wa wakati ule nao walilalamika kuhusu hao hao wapiga magitaa.

Ila kwenye hili la jiko sirudi nyuma. Wapo watakaosema mwanaume kakaliwa, kapewa limbwata, na shemeji yangu alishasema, nusu utani nusu kweli. Mwenzangu alimjibu kwamba kama limbwata lenyewe ni ukoko wa wali wa nazi basi aongezewe. Wanaume wa nyumbani mnapenda muziki kwa moyo wote na mnapenda kula kwa moyo wote, lakini hivyo viwili mnavifanyia mbali na mtu mnayelala naye, halafu jioni mnalalamika hamna cha kuongea.

Tunajenga Pongwe, huko Tanga, taratibu, tofali kwa tofali. Fundi kachora jiko la nje huko uani nyuma kama kawaida, na sebule kubwa ya wageni mbele. Tumemwambia jiko lije ndani, lifunguke moja kwa moja kwenye sebule, liwe na kona ya makaa yenye bomba la moshi, na avute nyaya za spika mpaka juu ya kabati. Kanyamaza kwenye simu muda mrefu, akauliza, sasa mzee akija na wageni wake watakaa wapi? Mwenzangu akamwambia watakaa jikoni, waje na visu vyao. Ramani mpya bado hajatuma, na bei ya bomba la moshi aliyotutajia naona kama kaongeza makusudi.