Mtumbwi Huu Si Jeneza, Jamani

Ukitaka kujua majirani zako wamejaa ushauri kiasi gani, anza kuunda mtumbwi barazani. Hapa Nyalenda, Kisumu, sisi ni watu wa ziwa. Hata yule ambaye maji hayajawahi kumpita kifundo cha mguu ni profesa wa mitumbwi.

Nilianza na fremu: sanduku refu la mbao, na juu yake vibao vya playwudi vilivyochongwa umbo la mtumbwi uliofudikizwa, kimoja kila sentimita 30. Sijamaliza kunyoosha mgongo, mama anayeuza omena akaingia getini mkono kichwani. "Pole sana, Baba Atieno. Nani ametutoka?" Kisha macho yake yakatembea mita zote 5 za ile fremu. "Ama ni wangapi?"

Kufika jioni M-Pesa ilikuwa inalia, mia mbili, mia mbili. Rambirambi. Sikurudisha. Tangu serikali ipige marufuku ukataji miti kwenye misitu yake mwaka 2018, na hata baada ya Rais kutangaza mwaka 2023 kuiondoa, muuza mbao hutaja bei akiangalia kando kama mtu anayekuarifu msiba, kwa hiyo acha mbao zangu za saiprasi zichangiwe kama mazishi mengine.

Mbao zenyewe unazipasua ziwe vipande vyembamba, unene milimita 6, upana kama kidole gumba, halafu unavipanga kimoja juu ya kingine na gundi katikati, mpaka tumbo la mtumbwi lifunike. Kazi ya subira. Mimi nimepewa shemeji. Nilimwomba dada yangu klampu za kubania mbao, akaniletea mumewe.

Hatukukosa klampu kabisa, tulikata tyubu kuukuu za baiskeli tukafunga kama bodaboda anavyofunga kreti ya soda. Shida ilikuja na epoksi, ile ya kupaka juu ya kitambaa cha faiba ili maji yasiingie. Ukishachanganya dawa mbili zile, unaimwaga upesi na kuitandaza. Ukiiacha imejazana chomboni inajipasha moto yenyewe. Nimemweleza shemeji. Akaitikia, "Sawa sawa." Simu ikalia. Akaanza kumweleza mtu habari za ng'ombe, kikombe mkononi, mpaka kikombe kikaanza kutoa moshi. Alikitupa kwenye sukumawiki za Mama Atieno. Nani alalie sofa? Mimi. Shemeji ni mgeni.

Halafu kuna huyu mzee fundi wa Dunga, ambaye hakuna aliyemwita. Ameunda mashua za wavuvi maisha yake yote, zile nzito ambazo kijiji kizima hushika na kusukuma zikigusa maji. Akaja, akazunguka, akaketi kwenye kiti changu.

"Misumari iko wapi?"

"Hakuna, mzee. Ni gundi."

Akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akasikiliza kama daktari.

"Uzito?"

"Ikiisha haitafika kilo 30. Naibeba peke yangu."

Akacheka mpaka akatoa kofia. "Kijana, mtumbwi unaobebwa na mtu mmoja utambeba mtu gani?" Akanikumbusha kwamba kule Dunga kuna kiboko, na kiboko hasomi vipimo vya milimita. Akaomba chai. Akaomba ya pili. Alipoondoka alibeba vipande vyangu viwili vya saiprasi, eti vya kuwashia jiko, kwani si ni njiti tu?

Na kila anayepita lazima aulize nitautoaje getini. Kila mtu! Anauliza huku akicheka kabla hajamaliza swali, utadhani ndiye wa kwanza kulifikiria. Uko barazani, jamani. Baraza haina ukuta. Geti ni la kupitisha mkokoteni. Nimeandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba, UNATOKA, sasa wanauliza ni nani anayetoka.

Nilidhani jamaa zangu wa Busia angalau wataniunga mkono. Mjomba alipiga simu usiku, sauti imejaa furaha. Amesikia naunda chombo cha mita 5 kisichovuja hata tone. Nikavimba kifua, nikaanza kumweleza kuhusu faiba. Akanikata.

"Hayo baadaye. Kitashika debe ngapi za pombe ya busaa?"

Nikamwambia ni cha kwenda ziwani.

"Ziwa lina maji yake tayari," akasema. Mwezi ujao kuna harusi, wazee wamekubaliana, na mirija imeshaagizwa, mirefu, ya kutosha pande zote mbili.