Wasichana wa Kusini Wasiachishwe Fizikia

Bamvua likifika Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, kina mama wachokoa pweza hawasubiri kuambiwa na mtu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, wanajua maji yatatoka mbali sana na miamba itabaki wazi. Wanajua pia kwamba kesho yake maji yatachelewa, yapata dakika 50. Mabinti zao wanayajua haya tangu wadogo. Kisha wanakaa darasani, mwalimu anachora mwezi na bahari ubaoni, na hakuna anayewauliza wameona nini pwani.

Hapo ndipo tunapoanza kuwapoteza. Tunawamalizia kidato cha tatu, masomo yanapochaguliwa. Binti mwenye hesabu nzuri anaambiwa fizikia ngumu, achukue sanaa apate ufaulu. Mlango wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na sita, umefungwa, na wa astronomia, sayansi ya nyota na anga, umefungwa nao. Linaniuma, kwa sababu ushauri huo hutolewa na watu wanaompenda.

Kipaji cha nyota hakichagui nyumba. Williamina Fleming alikuwa mtumishi wa ndani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard, Marekani. Alipopewa kazi pale kituoni, alikuja kugundua zaidi ya nyota 300 zinazobadilika mwanga. Mwenzake, Henrietta Leavitt, ndiye aliyeonyesha jinsi nyota za aina fulani zinavyoweza kutumika kupima umbali wa anga. Taarifa ya ugunduzi huo, ya mwaka 1912, ikatoka kwa saini ya Pickering, ingawa ndani yake alikiri kwamba kazi ni ya Leavitt. Jocelyn Bell Burnell aligundua pulsa, nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo kama ya saa, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, na Nobel ya 1974 wakapewa wanaume wawili. Mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyoachwa nyuma. Namheshimu sana kwa hilo. Alijua kwamba pongezi hazilipi ada.

Wazazi huniuliza, atakula nini huko kwenye nyota? Swali la haki kabisa. Mwanaastronomia wa leo hushinda kwenye kompyuta, akiandika programu na kuchambua takwimu nyingi mno. Ujuzi huo unaajiriwa pia benki, kwenye kampuni za simu na hali ya hewa. Wala kazi zenyewe si za Ulaya tu: Afrika Kusini kuna MeerKAT, antena 64 zinazopokea mawimbi ya redio kutoka angani, na Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, ni mshirika katika mradi mkubwa zaidi wa aina hiyo unaojengwa huko Afrika Kusini.

Walimu wa fizikia wa Mtwara na Lindi, nawaomba jambo moja muhula huu. Wapeni wasichana daftari, waandike kila siku saa ya maji kutoka na umbo la mwezi, kisha wachore grafu wenyewe. Na wakati wa kuchagua masomo ukifika, iwekeni grafu hiyo mezani mbele ya mzazi.