Outarde: tandawala alipewa jina kwa uzito wake?

Wafaransa humwita tandawala outarde, na maelezo ya kawaida ni kwamba neno hilo limetokana na Kilatini avis tarda, "ndege mwenda polepole". Wapo wanaolikataa chimbuko hilo. Tandawala mkubwa wa Ulaya ni hodari wa kukimbia, na akishapaa hana uvivu wowote; basi tarda, wanasema, huenda lilikuwa neno la wenyeji wa Hispania ambalo Warumi walilisikia kama lao. Mambo hayo hutokea. Choucroute, kabeji iliyochachushwa, ni sürkrüt ya Alsace, jimbo la Ufaransa lenye lahaja ya Kijerumani: silabi iliyomaanisha uchachu Wafaransa wakaigeuza chou, yaani kabeji.

Ila neno hilo la wenyeji lenyewe ni la kukisia tu. Plinius Mzee, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, katika kitabu cha 10 cha Naturalis Historia, aliandika kwamba Hispania huwaita ndege hawa aves tardas, naye aliwahi kusimamia fedha za Kaisari hukohuko. (Aliongeza kuwa hawafai kuliwa, kwani uboho wa mifupa yao ukitoka hunuka.)

Kuna pia herufi moja ambayo wapinzani huipita haraka mno. Kifaransa cha kale kilikuwa na oustarde, Kiprovansi, lugha ya kusini mwa Ufaransa, austarda. Hiyo s ni ya avis: i ilidondoka, v ikawa u, s ikabaki. Baadaye Kifaransa kikaiacha s mbele ya t, kama testa ilivyoishia kuwa tête, tukapata outarde. Kweli, s haituambii tarda ilimaanisha nini. Inachoonyesha ni kwamba wasemaji waliyashika maneno mawili, la kwanza likiwa "ndege". La pili kulisoma kama sifa ya ndege huyo ndiyo njia nyepesi zaidi.

Na kasi? Dume hufikia kilo 16, pengine zaidi. Uzito huo haunyanyuki papo hapo. Hukimbia kwanza, mara nyingi akiukabili upepo, ndipo anapaa. Askofu Isidore wa Sevilla, huko Hispania, katika karne ya 7, alilieleza jina kwa uzito huohuo wa kuruka, na aliyemtazama tandawala wa Serengeti akiinuka hatambishia.

Tena jina likishazoeleka halikaguliwi upya. Walowezi wa Kifaransa walilihamishia kwa bata bukini wa Kanada, na huko Québec mwindaji anayesema outarde bado anamaanisha huyo.