Bibi yangu alipiga kura kabla ya wanawake wa Uswisi

Mie mtu wa Pemba, Chake Chake, nnakaa Uswisi mji wa St. Gallen tangu 2012, na kuna neno moja viongozi wa kwetu wakilisema linanichoma sana. Eti demokrasia yetu bado changa. Eti Wazungu imewachukua mamia ya miaka kwa hivyo na sisi tupewe muda. Nimelisikia toka niko skuli, na siku hizi watu wazima wenye akili zao wanalirudia kwenye magrupu ya WhatsApp kama dua. Mie silikubali na nitasema kwa nini.

Ghorofa ya chini yangu anakaa bibi mmoja wa Kiswisi, miaka 83, kazaliwa Appenzell Innerrhoden, kantoni ndogo ya milimani, kwa treni toka kwangu haifiki saa nzima. Kantoni ni kama mikoa yao lakini ina serikali yake na sheria zake. Pale Jumapili ya mwisho ya Aprili wananchi hukusanyika uwanjani wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, kila mtu anamuona mwenziwe. Wanaume mpaka leo wengine huja na upanga kiunoni, wa babu zao, na ule upanga ndio kadi ya kupigia kura. Wanawake walikuwa wakisimama pembeni wanatizama. Huyu jirani yangu mara ya kwanza kunyoosha mkono wake uwanjani pale ni Aprili 1991, na umri wake miaka 49, ana watoto washamaliza skuli. Na msidhani wanaume waliona haya wakawapa wenyewe, la, Aprili ya 1990 waliulizwa na wakakataa tena, mpaka mwanamke mmoja Theresa Rohner akenda mahakama kuu ya nchi kushitaki, na Novemba ile majaji wakaamua kwamba katiba inasema watu sawa basi na kule Appenzell watu ni sawa.

Kura za nchi nzima wanawake walipata 7 Februari 1971. Kabla ya hapo waliuliza mara moja, 1 Februari 1959, na wa kuulizwa walikuwa wanaume peke yao mana ndio wenye kura, asilimia 67 wakasema hapana. Sasa Februari hiyohiyo ya 1959 Tanganyika walikuwa kwenye ule uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja. Masharti ya mkoloni yalikuwa ya uonevu, kipato, elimu, wengi walikatwa. Lakini mwanamke aliyetimiza masharti alipiga kura, na awamu ya kwanza ya 1958 Sophia Mustafa alishagombea kule kaskazini akashinda.

Na kwetu visiwani, 1957 wanawake hawakuwamo kabisa, wanaume wenyewe walichujwa. Ila Januari 1961 wakaingia, na bibi yangu mzaa mama alikuwamo kwenye foleni Chake Chake na buibui lake. Herufi za kizungu alikuwa hazijui, Quran alikuwa anaisoma vizuri sana. Viti vilikuwa 22 na vyama vitatu, ASP wakapata 10, ZNP 9, ZPPP 3, na kile kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja. Moja tu! Hakuna aliyeweza kuunda serikali peke yake, uchaguzi ukarudiwa Juni na mara hii watu wakauana Unguja. Sisi wajukuu tulimuuliza sana bibi, ile kura moja si yako wewe? Ulimpa nani? Hakusema mpaka tunamzika. Alikuwa akijibu "ile siri yangu na sanduku."

Kwa hivyo bibi yangu Pemba kapiga kura miaka kumi kabla ya wanawake wa Uswisi, na miaka 30 kabla ya jirani yangu kunyoosha mkono kwao. Nilipomhadithia alinyamaza muda mrefu halafu akaniambia unajua mpaka 1988 sheria ya ndoa ya hapa ilikuwa inasema mume ndiye kichwa cha nyumba, mwanamke akitaka kufanya kazi mume anaweza kumkatalia. Hii ndiyo nchi tunayoambiwa tusubiri tukomae tuifikie. Walikuwa na mabenki, treni zinafika kwa dakika, na mama zao hawahesabiki. Ukomavu wa nchi na haki ya mtu ni vitu viwili na hakuna muda unaoleta haki wenyewe, huku ililetwa na wanawake waliokataa kunyamaza na jaji aliyekuwa huru kuwasikiliza.

Lakini kuna kitu wanacho huku ambacho sisi hatuna, na hiki ndicho kinachoniuma. Mara nne kwa mwaka jirani yangu anapokea bahasha, ndani mna karatasi za kura na kijitabu cha serikali kinachoeleza jambo lenyewe, wanaotaka wanasema nini na wasiotaka wanasema nini. Machi 2024 waliulizwa kuhusu wazee kulipwa pensheni ya mwezi wa 13, serikali yenyewe ilikuwa haitaki, wananchi asilimia 58 wakasema tunataka, na serikali ikatii. Anajaza mezani kwake, anatia saini kadi, anatia posta, anarudi kupika. Miaka yote hii sijamsikia hata siku moja akiuliza hivi kura yangu itahesabiwa? Na sisi Pemba hilo ndilo swali la kwanza, kabla hujauliza mgombea ni nani.

Mie nilikuwa na miaka 14 Januari 2001 watu walipopigwa risasi kwenye maandamano, mjomba wangu akakimbia kwa mashua mpaka Shimoni Kenya, na wengi wengine. Kisha Julai 2010 tukaulizwa kwenye kura ya maoni kama tunataka serikali ya umoja, asilimia 66 wakakubali, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu, watu wakasalimiana misikitini na kuzikana bila kuulizana chama. Miaka mitano tu baadaye, 28 Oktoba 2015, kura zimeshapigwa, matokeo yanaendelea kutangazwa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi akatangaza uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Sasa niambieni, watu ni walewale, visiwa ni vilevile, 2010 tuliweza. Hakuna uchanga hapo, kuna watu waliokubali kuhesabu na kuna watu waliokataa. Na kwetu matokeo ya urais yakishatangazwa huwezi kwenda mahakamani kuyapinga, katiba inakataza, wakati jirani zetu Kenya mahakama yao ya juu 1 Septemba 2017 ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na 2022 fomu za matokeo za kila kituo ziliwekwa kwenye intaneti mtu yeyote azijumlishe mwenyewe. Wakenya ni Wazungu? Si Waafrika wenzetu hawa?

Nisiisifu Uswisi kupita kiasi mana kuna siku kura zao zilinitoa machozi. 2009 kabla sijaja walipiga kura kuzuia minara ya misikiti, nchi nzima ilikuwa na minara minne tu, asilimia 57 wakakubali na ikaingia katiba. Machi 2021 nikiwa hapahapa wakapiga kura kukataza kufunika uso, ikapita kwa asilimia 51. Mie nnavaa mtandio tu, nikabu sivai, lakini wiki zile mabango yalikuwa kila kituo cha basi, mwanamke wa nikabu kachorwa kama adui, nnapita nae asubuhi nnapokwenda kazini kuwaosha na kuwalisha wazee wao. Walionihukumu wana kura, mie sina. Hapo nikaelewa kwamba wengi wakikubaliana juu ya wachache na wachache hawamo kwenye hesabu, ni yaleyale ya wanaume wa 1959.

Zaidi ya robo ya wakaazi wa nchi hii ni kama mie, tunalipa kodi hatuchagui. Kantoni ya Neuchâtel na Jura wageni waliokaa muda mrefu wanapiga kura za kantoni, kwetu St. Gallen hamna. Miaka kumi wanayotaka ya uraia nishatimiza, lakini nikichukua pasi yao Tanzania inanivua ya kwetu, na nikibaki na ya kwetu siwezi kupiga kura ya kwetu nikiwa nje. Rafiki yangu Mkenya anaekaa Ujerumani alimpigia kura rais wake 2022 kulekule Ujerumani. Mie nnatuma pesa nyumbani kila mwezi, za skuli, za dawa, na sauti sina huku wala kule.

Oktoba 29, 2025 uchaguzi wa kwetu ulipofanyika intaneti ikazimwa nchini, siku kadhaa sikumpata mama, nikawa usingizi sina, kila simu ikilia moyo unapasuka. Alipopatikana neno lake la kwanza lilikuwa "nimekwenda, nimepiga." Hakuniambia nani na mie sikumuuliza.

Novemba jirani yangu aliniita chini. Macho yake yamepungua sana akaniomba nimsomee kijitabu, ilikuwa habari ya kutoza kodi urithi wa matajiri wakubwa. Nikamsomea yote, ya wanaotaka na ya wasiotaka. Akachukua kalamu, akageuka upande wa dirisha nisione, akaandika, akafunga bahasha mwenyewe. Nje theluji ilikuwa inaanza, hawezi kutoka, akanipa mie. Nikateremka nayo mpaka kwenye sanduku la posta, nimeibana kifuani isirowe.